Mbele ya kununua pistoni ya pili, tafuta kilichoua ya kwanza

Jana usiku peti (mdogo wangu wa kazi) mmoja wa Bukavu ameniandikia: "Gran, nimenunua tronsonezi ya okazyo, pistoni nimeshabadilisha, sasa nionyeshe pa kutoboa eshapoma ipate nguvu." Tronsonezi ni msumeno wa moteri, eshapoma ni bomba lake la kutolea moshi. Nilisoma ile mesaji mara tatu na usingizi ukakata. Juu yule ni mimi kabisa, miaka mitatu nyuma, haraka ile ile. Peti, nakujibia hapa ili na wengine wasome, najua muko wengi mnaotafuta maisha kwenye hii kazi ya mbao.

Yangu ni Stihl MS 381, ile ya cc 72. Niliinunua Birere, hapa Goma, dola 120, kwa mzee mmoja aliyeiacha miaka miwili ndani ya banda la kuku. Nikaipakia kwenye pikipiki mpaka Ndosho, pale atelye nilipojifunzia kazi. Bosi wangu aliisukuma na mguu, akasema mbele ya wote, "Hii kauze kwa kilo." Wakacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo nikipita pale bado nasikia kile kicheko.

Kusema kweli ilikuwa maiti. Kamba ya kuwashia imekatika, filtri ya hewa hakuna, mahali pake mtu ameziba na kipande cha sponji ya matela. Freni ya shene (mnyororo wa kukatia) imeng'olewa. Esansi (petroli) iliyobaki ndani imekuwa kama gundi, rangi ya chai, inanuka vernisi. Nilipotoa eshapoma na kuchungulia nikaona pistoni ina mikwaruzo ya kusimama, ukipitisha kucha inakwama.

Basi bila kujiuliza ni nini kilikwaruza ile pistoni, nikaenda kukopa dola 50 kwa dada yangu, nikanunua pistoni na silinda ya kopi, buji (plagi) mpya, membrani za karbiratere (kabureta), siku tatu nakula mikono inanuka esansi. Siku ya nne nikavuta kamba, ikakohoa, nikavuta tena, ikawaka! Nilitoka nayo njiani ikiwa inanguruma ili kila mtu aone. Na juu nilikuwa nimeona kwenye video mtu anapanua tundu la eshapoma, nikachukua drili siku hiyo hiyo nikapanua na mimi. Sauti ikawa nzito, nikijisikia fundi kuliko mafundi wote wa Goma.

Tukapata kazi upande wa Sake, kupasua mikalitusi ya mzee mmoja, nyingine mbao za nyumba, nyingine za kuchonga chukudu (pikipiki ya mbao ya kusukuma). Rezervwari (tangi) mbili za kwanza ilikata kama kisu kwenye siagi. Lakini kulikuwa na kitu: nikiachia gazi (eksileta) moteri haishuki, inabaki juu inalia sekunde tatu nne ndiyo inatulia. Nikalegeza kidogo skrubu ya ralanti (mwendo wa chini wa moteri) nikaendelea. Rezervwari ya tatu sauti ikapanda, ikawa nyembamba kama filimbi, nikafikiri ndiyo nguvu imekuja. Halafu kimya. Kamba haivutiki hata kidole kimoja. Yule mzee alisubiri siku moja, kesho yake akaita batu wengine na akanidai avansi yake. Deni la dada nililipa miezi saba. Miezi saba!

Sikilizeni sasa. Hizi moteri hazina mafuta yake ya pembeni, mafuta yote ya kulainisha pistoni yanapita ndani ya melanji (esansi iliyochanganywa na mafuta). Kama kuna mahali hewa inaingia kwa wizi, melanji inakuwa kavu, hewa nyingi, esansi kidogo, na mafuta kidogo vilevile. Moteri inapiga tour (mizunguko) mingi, inachemka, pistoni inavimba na kushika. Ile ya kuchelewa kushuka ukiachia gazi njo kilio chake. Ilikuwa inaniambia na mimi nikaifunga mdomo na turnevisi (bisibisi).

Kilichoua zote mbili ni kile kimpira kinachounganisha karbiratere na silinda. Kilipasuka upande wa chini, huwezi kuona mpaka ukikunje. Nilikipata namna hii: dada yangu ni infirmiye, muuguzi (ndiyo, yule yule niliyekuwa namwomba msamaha), akanipa pompe ya mashine mbovu ya kupima tansyo (presha ya damu). Nikaziba tundu la eshapoma kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nikaziba kile kimpira upande wa karbiratere, nikachomeka pompe kwenye katiyo (kabomba) kembamba kanakopeleka pumzi ya moteri kwenye karbiratere, buji imefungwa, pistoni iko juu. Nikapompa, sindano ikapanda, ikaanguka pale pale. Nikapaka povu la sabuni. Mapovu yakatoka chini ya kimpira, na mengine machache kwenye sili (mpira wa kuziba) ya vilbreke, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, upande wa volani (gurudumu zito la moteri). Kimpira dola 6. Dola 6 ndizo zilikula dola 50 na jina langu.

Kwa hiyo peti, mbele ya yote tafuta kilichoua. Kama umeshaweka pistoni mpya na hujatafuta, usiiwashe tena, toa karbiratere leo, kunja kile kimpira.

Eshapoma ni ya mwisho kabisa. Ukiipanua moteri inapumua zaidi, kwa hiyo lazima ufungue skrubu ya H (ile ya karbiratere inayopima esansi kwenye mwendo wa juu) uongeze esansi, la sivyo unaikausha kwa mkono wako mwenyewe. Anzia mzunguko mmoja kutoka ilipofungwa, halafu sikiliza: ikiwa haina mzigo na gazi yote, iwe inagugumia kidogo, ikiingia kwenye mti kugugumia kukome. Ikilia safi nyembamba bila mzigo, umeshaiua. Na Bukavu ni kama Goma, tuko karibu mita 1500, hewa ni nyepesi. Ukireglia (ukiipanga) huko halafu ushuke nayo Shabunda, hewa ya chini ni nzito, fungua H tena. Vijana wanasahau hii, wanarudi na pistoni mfukoni.

Melanji: mafuta ya tan mbili (two-stroke) ya Stihl yenyewe, mililita 100 kwa litri 5. Mafuta mengine, weka 200. Usipimie kwa jicho.

Na nguvu unayoitafuta nyingi iko kwenye shene. Mimi ya kupasua mbao nanoa kwa pembe ya nyuzi 10 badala ya 30, tupa ya milimita 5.2, na vile vimeno vya mbele navishusha milimita 0.65 chini ya meno, si zaidi. Siku nilipojua kunoa niliona tofauti kubwa kuliko ile ya drili. Freni ya shene rudisha, hata kama ni dola 30. Ncha ya gidi (ule upanga wa chuma unaobeba shene) ikigusa mti kwa upande wa juu, mashine inakurukia usoni mbele hujafunga jicho. Niko na rafiki mwenye kovu kutoka shavuni mpaka shingoni. Wana watoto nyumbani hawa tunaowaona wanakata bila freni, na wewe utakuwa nao.

Wiki iliyopita MS 381 yangu imeangusha mkalitusi mkubwa Himbi, kati ya nyumba mbili za mbao, na nimeupasua wote bila kuzima ovyo. Bado ina ile eshapoma niliyotoboa. Bosi wa zamani alipita akasimama kuangalia, hakusema kitu, akaenda.

Peti, nitumie picha ya kimpira, upande wa chini, ukiwa umekikunja.