Mpeleke Yanaka, mtembee taratibu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ukipata siku moja ya kumtembeza mgeni kwa miguu katika mji wa ugenini unaoujua, utampeleka wapi, na kwa nini?" Mimi naishi Saitama, mkoa unaopakana na Tokyo upande wa kaskazini, na ndugu na marafiki wa nyumbani hunifikia mara kwa mara. Wakija, nawapeleka Yanaka. Ni mtaa wa zamani jijini Tokyo, nyuma ya bustani ya Ueno, na ukiutaja huwezi kuwaacha majirani zake wawili, Nezu na Sendagi. Wenyeji huiita mitaa hiyo mitatu kwa pamoja Yanesen.

Najua wasomaji wengi watataja Kyoto, na sina ugomvi nao. Ila Kyoto mgeni anakwenda kutazama mambo makubwa: mahekalu mashuhuri, bustani za kulipia, umati. Yanaka anakwenda kuona watu wanavyoishi. Mtaa ule umebaki wa kale kwa sababu kuna watu wanaoamka kila asubuhi wakafagia mbele ya milango yao na kumwagilia maua yao, na hilo ndilo ninalotaka mgeni wangu aondoke amelielewa.

Kwanza ajue mji wenyewe umepitia nini. Tokyo iliungua mara mbili katika muda usiozidi miaka 25. Tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923 liliwasha moto uliokula sehemu kubwa ya jiji, na waliokufa walipita 100,000. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 ndege za Marekani zikamwaga mabomu ya moto juu ya mitaa ya mbao ya mashariki mwa jiji, na watu wapatao 100,000 wakafa tena. Ndiyo maana mtu anaweza kuzunguka Tokyo wiki nzima asione nyumba ya kawaida iliyojengwa kabla ya vita. Yanaka nayo iliguswa na mabomu ya 1945, lakini sehemu yake kubwa ilinusurika mara zote mbili.

Nashauri muanzie chini, asubuhi, kituo cha Nezu kwenye treni ya chini ya ardhi ya Chiyoda. Dakika chache tu mko kwenye hekalu la Kishinto la Nezu, lililojengwa mwaka 1706 kwa amri ya Tokugawa Tsunayoshi, shogun (mtawala wa kijeshi) wa tano wa ukoo wake. Majengo ni ya mbao, yamepakwa rangi nyekundu na nyeusi, na pembeni kuna mstari wa malango mekundu madogo yaliyosongamana. Mtu mrefu itambidi ainame. Mwezi wa Aprili mteremko wa pembeni hujaa maua ya azalia, na watu nao hujaa vilevile. Siku nyingine utawakuta wazee wamekaa kwenye benchi na watoto wa chekechea wamevaa kofia za rangi moja.

Kutoka hapo tafuteni njia inayoitwa Hebi-michi, yaani njia ya nyoka. Inapinda kulia, inapinda kushoto, kila hatua chache. Chini yake kuna mto Aizome, uliofukiwa na kufunikwa karne moja iliyopita. Nyumba zilikuwa zimeshajipanga kufuata kingo zake, basi mto ulipozama ardhini njia ikabaki na umbo lake. Mpaka kati ya manispaa za Taito na Bunkyo nao unafuata mikunjo hiyo hiyo, kwa hiyo majirani wanaotazamana mlango kwa mlango wanalipa kodi zao kwa manispaa mbili tofauti. Mambo kama haya huyaoni ukiwa ndani ya basi la watalii.

Juu ya mwinuko ndipo Yanaka yenyewe. Moto mkubwa wa mwaka 1657 ulipoiteketeza Edo, kama Tokyo ilivyoitwa zamani, mahekalu mengi yalihamishwa kutoka katikati ya mji, na Yanaka ikapokea sehemu yake. Leo yapo zaidi ya 70 katika mtaa ambao unaumaliza kwa miguu asubuhi moja. Usijaribu kuyaingia yote. Mimi humsimamisha mgeni mbele ya ukuta wa hekalu la Kannonji tu, naye huwa anashangaa kwamba nimemleta kuona ukuta. Sogea karibu uutazame vizuri. Umejengwa kwa tabaka la udongo, juu yake safu ya vigae vilivyolazwa bapa, kisha udongo tena, kisha vigae, mpaka juu ambako umeezekwa kipaa chake chembamba cha vigae ili mvua isiulowanishe. Kingo za vigae zimejitokeza kidogo, hazilingani, na udongo kati yake una rangi ya mchanga mkavu. Ni kazi ya mafundi wa zama za Edo, kabla ya 1868. Mwache mgeni akae nao kwa muda anaoutaka.

Si mbali na hapo kuna mwerezi mkubwa wa Himalaya kwenye njia panda, umeinamia kiduka kidogo kana kwamba unakifunika. Wenyeji husimulia kwamba ulianza kama mche wa chunguni.

Makaburi ya Yanaka msiyaogope. Yalifunguliwa kuwa makaburi ya umma mwaka 1874, kwenye ardhi iliyokuwa ya hekalu la Tennoji, na barabara yake ya katikati imepandwa miti ya sakura pande zote mbili. Watu hupita hapo kwenda kazini, watoto hupita na baiskeli. Humo amezikwa Tokugawa Yoshinobu, shogun wa mwisho, aliyerudisha madaraka kwa mfalme mwaka 1867 akaishi kimya mpaka 1913. Kaburi lake ni tuta la mviringo ndani ya uzio. Mtalitazama kwa nje. Lakini kinachonigusa zaidi pale ni mawe. Karibu na kibanda cha polisi kuna mawe ya msingi yamepangwa kwenye kiwanja kitupu. Hapo palisimama mnara wa mbao wa orofa tano, uliojengwa upya mwaka 1791. Uliuvuka moto wa 1923, ukauvuka ule wa 1945, kisha Julai 1957 ukachomwa na watu wawili waliokusudia kufia humo. Haukujengwa tena. Kila ninapofika pale naumia, na sioni vibaya mgeni aumie nami kidogo.

Kwa anayependa sanaa kuna nyumba ya mchongaji Asakura Fumio, iliyokamilika 1935, ambayo sasa ni makumbusho. Karakana yake ni ya zege, makazi yake ni ya mbao, na katikati kuna bustani ambayo karibu yote ni maji na mawe. Juu ya paa aliwalimisha wanafunzi wake mboga, akiamini kwamba kugusa udongo kunamfunza mchongaji. Unavua viatu mlangoni, kwa hiyo vaa soksi. Kuna pia bafu la umma la zamani lililogeuzwa jumba la sanaa mwaka 1993, na bomba lake la moshi bado limesimama. Karibu yake ni mkahawa wa Kayaba, kwenye nyumba ya mbao ya mwaka 1916. Ulianza kuuza kahawa 1938, ukafungwa 2006, na watu wanaojali nyumba za kale wakauamsha tena 2009. Agiza mkate wa mayai.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vya watalii huliruka. Sheria ya ujenzi ya Japani ya mwaka 1950 inataka kiwanja kiguse barabara yenye upana usiopungua mita 4. Vichochoro vingi vya Yanaka havifiki hapo. Vingine ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta za pande zote mbili. Nyumba iliyokuwepo inaachwa ilivyo. Lakini siku mwenyewe akiibomoa ili ajenge upya, lazima arudi nyuma mpaka mita 2 kutoka katikati ya njia. Tembea ukiangalia na utaona: hapa ukuta mpya umerudi ndani, ukuta wa zamani wa jirani bado uko mbele, kisha mwingine mpya umerudi ndani. Njia inapanuka, inabana, inapanuka tena. Mzee mmoja akifariki na watoto wakiuza kiwanja, kichochoro kimepoteza kipande cha ukale wake, na hakuna tangazo lolote linalobandikwa.

Siilaumu sheria. Nyumba za mbao zilizobanana ni hatari, na katika nchi ya matetemeko gari la zimamoto na la wagonjwa lazima lipite. Wakazi wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana utakuta ndoo nyekundu za maji ya kuzimia moto pembeni mwa njia, na hapa na pale kisima chenye pampu ya mkono. Nasema tu kwamba uzuri unaotupeleka kule unamegwa nyumba moja moja, kwa nia njema kabisa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mamlaka ya kuuhifadhi ipo. Yanaka haimo katika orodha hiyo. Inawategemea wakazi.

Na wakazi wamejitahidi. Mwaka 1984 Mori Mayumi na wanawake wenzake wa mtaa huo, wakiwa na watoto wadogo majumbani, walianzisha jarida dogo lenye jina la mitaa hiyo mitatu. Walibisha hodi kwa wazee, wakaandika habari za mafundi, visima, maduka na moto, na wakaendelea mpaka 2009. Watu wengi nje ya Yanaka waliujua mtaa huo kupitia kwao. Naamini kazi ile imeokoa nyumba nyingi, kwa kuwa mtu huona uchungu kubomoa kitu ambacho jirani yake ameshakiandikia habari.

Shangazi yangu wa Tanga alipokuja kunitembelea wakati wa joto, tuliingia kichochoro kimoja kisicho na jina. Akasimama katikati. "Mwanangu, mbona hawana geti wala ukuta?" Kweli hapakuwa na kitu kati ya mlango na njia isipokuwa vyungu vya maua. Vilikuwa vimepangwa safu mbili, na vingine si vyungu bali maboksi meupe mepesi ya kubebea samaki, yametobolewa chini na kujazwa udongo. Humo mlikuwa na nyanya, pilipili, na maua ya kutambaa yanayofunguka alfajiri, yamepandishwa kwa kamba mpaka dirishani. Mbele ya hatua ya mlango kulikuwa na chupa za maji za kufukuzia paka. Bibi mmoja akatoka na ndoo na kata, akaanza kunyunyiza maji njiani ili kupoza joto. Shangazi akamwamkia, "Shikamoo mama," akainama kidogo kama nilivyomfundisha. Bibi naye akainama, akaweka kata chini, akasogeza chungu kimoja ili tupite bila kulowa. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Hatukupiga picha, na naomba wasomaji watakaokwenda nao wasipige. Kichochoro kile ni kama ukumbi wa watu. Pita, salimia, punguza sauti, usichungulie dirishani.

Alasiri shukeni kwa ngazi za Yuyake Dandan mpaka Yanaka Ginza, njia ya maduka yenye urefu wa mita 170 hivi na maduka kama 60. Ngazi zinatazama magharibi, kwa hiyo kwa miaka mingi watu walikaa hapo jioni kulitazama jua. Kila mtu atakwambia habari za paka. Paka wa kweli siku hizi ni wachache kuliko paka wa mbao, wa keki na wa kuchorwa kwenye mifuko, na kwa maoni yangu biashara hiyo imezidi. Nendeni kwenye bucha mnunue katlesi za moto zilizopakwa chenga za mkate. Asiyekula nguruwe aulize kwanza kuhusu nyama na mafuta ya kukaangia, maana mara nyingi huchanganywa. Kuleni mkiwa mmesimama mbele ya duka, mrudishe karatasi hapo hapo. Mapipa ya taka njiani hamtayaona, na kutembea huku ukitafuna hawakupendi.

Mengine ni madogo. Jumatatu msiende, maduka mengi yamefungwa na makumbusho ya Asakura pia. Alhamisi nayo makumbusho hayo hufungwa. Mitaa haina majina ya barabara kama tulivyozoea, nyumba zinahesabiwa kwa vitalu, kwa hiyo mkipotea waulizeni polisi wa kibandani, ramani wanayo. Mgeni abebe pasipoti yake. Sheria ya Japani inamtaka awe nayo muda wote. Oktoba na Novemba ndiyo miezi mizuri ya kutembea, Julai na Agosti joto na unyevu vinachosha hata mtu wa pwani.

Na akitaka zawadi, anunue kitu ambacho wakazi wenyewe wanakitumia: majani ya chai, kikapu cha mianzi, biskuti za mchele zilizochomwa, au karatasi za michoro za Isetatsu, duka lililoanza mwaka 1864. Wauza mboga na samaki wa Yanaka Ginza wanashindana na maduka makubwa ya karibu na kituo. Wakishindwa, wale mabibi wenye vyungu watalazimika kupanda treni kufuata kitunguu, na wakishazeeka zaidi hawataweza, watahama. Mgeni wangu akiacha yeni 1,000 kwa muuza chai, ameufanyia mtaa ule jambo kubwa kuliko picha zote atakazopiga.