Re: Nimeachiwa hamsta wawili, nifanyeje?

Asalaam alaykum dada. Umesema jirani kahama kakuachia hamsta wawili, vile vijinyama kama panya vya kufuga, tundu moja, sasa wanang'atana na wewe huwawezi. Kabla hujatafuta wa kumpa watenganishe leo leo, hata kwenye ndoo kubwa, kama ni wale wa aina ya Siria wakishakuwa wakubwa hawakai pamoja, wanauana. Halafu mgeuze kila mmoja umtazame chini ya mkia, njia ya mkojo na ya haja kubwa zikiachana ni dume, zikikaribiana ni jike, na jike wa Siria akishapandwa hesabu siku 16 tu. Mie niloambiwa "wote majike" asubuhi nikakuta vitoto tisa vyekundu kama kamba waliomenywa, roho iliniuma khasa.

Kaskazi hii joto linawaua, tundu weka sakafuni penye kivuli na upepo, mbali na bati. Kuwaachia nje usithubutu, paka na kunguru hawawabakishi. Mtoto wa skuli akimtaka zungumza na mamake kwanza. Hamsta akiwa na kidonda mpeleke kwa daktari wa mifugo, dawa mie sikwambii. Kama uko Unguja, mmoja namchukua.