Mkojo kukolea msimu wa korosho, figo zimechoka?

Mdogo wangu wa Newala, umeuliza mbona ukishinda shambani unaokota korosho mkojo unatoka kidogo na wa njano iliyokolea, wakati jasho si limeshatoa uchafu. Hapana aisee, jasho kazi yake kubwa ni kupoza mwili, linatoka na maji na chumvi, uchafu wenyewe hasa urea inayotokana na protini unatolewa na figo. Figo hizo mbili, kila moja kama ngumi yako, zinachuja kama lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kwa siku halafu karibu yote inarudi mwilini, unakojoa lita moja au mbili tu. Sasa maji yako yameishia kwenye jasho, figo zinabana kilichobaki, ndo maana kinakolea na harufu inakuwa kali.

Najua huko juu maji ni shida, ila beba hata kidumu cha lita tatu uwe unapiga funda kabla kiu haijakushika, mpaka rangi ipauke kama maji ya limao. Ukiona damu, hasa mwisho wa kukojoa, usisubiri kabisa, nenda zahanati wakupime kichocho, huku kwetu kusini kipo.