Mwanangu kajifunza KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) baharini Kunduchi na darasa la kwanza kapokelewa

Wiki iliyopita majibu ya intavyu yametoka na mwanangu mkubwa kapata nafasi darasa la kwanza kwenye shule ile ile tuliyokuwa tunaitaka, na mwalimu aliyemfanyia intavyu aliniita pembeni akaniuliza huyu mtoto kasoma chekechea gani. Nikamjibu hakumaliza chekechea yoyote, alikuwa nyumbani na mimi. Nilisema kwa sauti ya kutosha tu, wazazi waliokaa kwenye benchi wakageuka. Tangu niweke status simu haipumui, mama wenzangu wanauliza nilitumia vitabu gani, mtaala gani, nilianzaje, kwa hiyo naandika hapa kwa kirefu wote msome.

Kwanza ilikuwaje, maana kuna watu mpaka leo wanaamini nilikosa ada. Ada ilikuwepo. Mtoto alikuwa chekechea ana miaka minne na kila jioni analeta daftari limejaa wino mwekundu, kurasa na kurasa za herufi a, ikipinda kidogo anafutiwa aanze upya. Mwisho wa muhula nikaitwa, nikaambiwa mama huyu mtoto wako ni mzito, wenzake wameshashika yeye anaangalia dirishani tu. Mzito! Mtoto anayeniuliza usiku njiani kwa nini mwezi unatufuata! Lile neno lilinikaa kifuani na nikilikumbuka hata sasa hivi naandika nasikia moto. Nikamtoa. Ndugu nao wakaanza, wifi yangu akaandika kwenye grupu la familia kwamba nafuga watoto ndani, jirani akawa anawauliza watoto mbele yangu eti nyie mbona hamuendi shule kama wenzenu. Baba yao alisimama na mimi, Mungu ambariki, na najua na yeye kazini maneno aliyapata.

Na kwa wanaouliza kama ni halali, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi aandikishe mtoto shule ya msingi akifikisha miaka 7. Mimi sijagusa hapo, ndio maana kaenda intavyu. Nazungumzia miaka ya kabla, ile minne, mitano, sita, ambayo tunawaamsha watoto saa kumi na moja alfajiri wanasinzia kwenye skulbasi.

Sasa tulichofanya. Mtaala sikununua. Tunaishi Dar es Salaam upande wa Tegeta, tunashuka Mtongani, tunaingia ndani mpaka Kunduchi baharini, palepale kila wiki. Hii ndiyo siri yangu yote na nitairudia mpaka mchoke: chagueni sehemu moja halafu rudini hapo hapo. Watu wakisikia kufundisha watoto kwa matembezi wanawaza mbuga ya Mikumi, wanawaza mabembea ya kulipia, wanakata tamaa kabla hawajaanza. Mtoto akipelekwa sehemu mpya kila siku anashangaa tu. Akirudi palepale anaanza kuona kilichobadilika, na akishaona kilichobadilika anauliza kwa nini, hapo ndipo sayansi ilipo.

Mara za mwanzo wangu walikuwa wanakimbia tu na kurushiana mchanga, nikawaacha. Baadaye wakahamia wenyewe kwenye mikoko. Pale Kunduchi kuna mchu, ule mti ambao mizizi yake inachomoza kwenye tope kwenda juu kutafuta hewa, mkubwa akaniuliza mbona miti mingine mizizi inaenda chini. Sikumjibu, nikamwambia lamba jani. Akalamba, akatema, "Mama lina chumvi!" Mdogo wake naye akalamba. Basi tukakaa palepale kwenye tope tunageuza majani tunatafuta punje za chumvi chini ya jani, maana mchu unakunywa maji ya bahari halafu chumvi inatolewa kwenye majani, na kweli kwenye jua zinaonekana zinang'aa. Tulivyorudi nyumbani na chupa ya maji ya bahari tukaipima lita moja, tukachemsha mpaka sufuria ikabaki nyeupe chini, tukakwangua. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, ni kama vijiko viwili vya chakula. Walikula viazi na chumvi yao siku hiyo na kila mgeni aliyekuja alihadithiwa.

Halafu kuna mkoko wenyewe, ambao mbegu yake haisubiri kuanguka, inaota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia kijani ndefu kama bamia kubwa, ikidondoka inajichoma kwenye tope ikisimama. Tuliokota iliyoanguka (zilizoanguka tu, msichume, mikoko inalindwa) tukaisimamisha kwenye chupa ya maji iliyokatwa na tope kidogo. Kila wiki mkubwa anaichora kwenye karatasi ya manila na tarehe pembeni. Wiki za kwanza michoro inafanana, anachora kijiti tu. Halafu mzizi mwembamba mweupe ukaonekana kwenye ukuta wa chupa na yeye akauona kabla yangu, akachora mpaka vile vinywele vya mzizi kwa penseli iliyochongwa vizuri, ulimi nje, hataki kuongeleshwa. Yule mnayesema mzito.

Bahari yenyewe ndiyo mwalimu mkuu. Inakupwa na kujaa, inachukua kama masaa sita kutoka kupwa mpaka kujaa, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Sisi tukawa tunaangalia mwezi usiku nje, kesho yake tukienda tunaangalia maji yamefika wapi kwenye ngazi za pale wanapofunga mashua. Siku moja mkubwa akasema, Mama mwezi ukiwa mzima maji yanakuja mbali. Nilitetemeka jamani. Nikampeleka kwa mzee mmoja mvuvi akamwambia ndio mjukuu wangu, hiyo ni bamvua, mwezi mpevu na mwezi ukiandama, katikati hapo ni maji mafu, bahari haijai sana. Mtoto wa miaka mitano alishikanisha mwezi na bahari kwa macho yake mwenyewe, hakuna aliyemkaririsha.

KKK tulifanyia mchangani na sokoni. Majina ya samaki yamekaa kama yametungwa kwa ajili ya kufundishia kusoma. Unaandika kaa kwa kijiti, mtoto anasoma, unafuta k unaweka t, inakuwa taa, na taa yupo kwenye meza pale amelala na mkia wake. Halafu tasi, halafu changu, halafu pweza ambaye ana silabi inayowatoa jasho watoto wengi wa chekechea, wangu kaishika kwa sababu alikuwa anataka kumwandika pweza. Hesabu hivyo hivyo, pweza ana mikono minane, ngisi ana kumi, pweza wawili na ngisi mmoja wana mingapi? Na pweza ana mioyo mitatu na damu yake ni ya bluu, hilo wamemwambia kila mtu mpaka konda wa daladala.

Siku za mvua nisiwachoshe nazo, tulikuwa tunakaa ndani. Ila jaribuni hii ya rozela, chemsha ile choya, gawa kwenye vikombe viwili, kimoja kamulia ndimu, kingine weka magadi kidogo. Cha ndimu kinawaka wekundu, cha magadi kinageuka kuelekea bluu na kijani. Ile yenye magadi wanapakia rangi karatasi, sanaa na sayansi kikombe kimoja.

Mjini tulienda pia, Makumbusho ya Taifa pale Posta, wakasikia habari za fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Lakini kilichowakaa ni mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, wa Tendaguru kule Lindi, wale ambao Wajerumani walichimba mifupa yao kuanzia 1909 mpaka 1913 wakaipeleka Berlin, mmoja kasimamishwa kule ana zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mita 13 ni nini kwa mtoto? Tukarudi Kunduchi na kamba, tukaipima mchangani, mkubwa akawa analala chini namwekea alama, anahamia mbele analala tena, mpaka mwisho wa kamba. Alipoinuka akauliza, watarudisha lini? Na kwa wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay tulienda, nikawaambia Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na vipande vya mbao za silingi na rangi ya baiskeli, basi na wao wakachora changu kwenye maboksi na rangi ya mafuta iliyobaki kwenye milango. Zimetundikwa sebuleni, wageni wanaziona.

Dada zangu, nawaomba kitu kimoja. Msiwajibu watoto haraka. Mtoto akiuliza, mpeleke akaangalie, na kama hajaona mrudishe tena wiki ijayo palepale. Sisi wazazi tumekuwa na haraka mno, tunataka mtoto wa miaka minne asome Kiingereza atusifishe kwa majirani, tunalipa mamilioni mtoto akaogopeshwe na kalamu nyekundu, halafu tunashangaa akifika darasa la tano hataki kuona kitabu. Huna nafasi siku za kazi? Jumamosi ipo. Huna bahari? Una mto, una shamba la bibi, una mwembe mmoja nyuma ya nyumba, huo mwembe unatosha mwaka mzima, una maua, una sisimizi, una popo usiku. Rudini hapo hapo. Na mtu akikwambia mtoto wako ni mzito, mshukuru kwa adabu, chukua begi la mwanao, ondoka.

Wifi yangu bado hajaandika chochote kwenye grupu tangu niweke majibu, nimeona tu ameyasoma.

Kwa wanaotaka kuanza na Kunduchi, nendeni maji yakiwa yanakupwa, sio yanajaa, na siku za bamvua msiingie ndani kabisa ya mikoko na watoto wadogo maana maji yakigeuka yanakuja mbio. Wavalisheni raba, sio kandambili, tope linazimeza na chini kuna makombe yanakata. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha, kofia, madaftari yasiyo na mistari na penseli, simu iacheni kwenye mkoba. Mwanangu mdogo ndio anaingia minne sasa na ndiye zamu yake, Jumamosi maji yanakupwa asubuhi na tutakuwepo kuanzia saa mbili, anayetaka kuja na wanawe aniandikie.