Kikundi Chetu Kimeingia Ugomvi: Je, Ndio Mwisho Wake?

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zimetoka katika vikundi vya kuweka na kukopa, na ingawa waandishi wake hawajuani, wanaulizia jambo moja: kwa nini watu walioanza vizuri pamoja hubadilika kadiri miaka inavyokwenda.

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake 24. Mzunguko wetu wa kwanza ulikwenda kwa amani kubwa, na siku ya mgawo, tulipogawana akiba na faida, kila mmoja aliondoka na furaha. Mzunguko wa pili umekuwa wa malumbano tangu mwezi wa pili. Wanaochelewa kikaoni hawataki kulipa faini, mweka hazina ametamkiwa maneno mazito mbele ya watu, tumegawanyika kambi mbili, na wanachama watatu wanasema watajitoa. Wengine wanashauri tugawane kilichomo sandukuni na kila mtu ashike njia yake. Je, tuvunje kikundi? – Katibu, Morogoro

JIBU: Ndugu Katibu, msivunje bado. Mwaka wa amani ukifuatiwa na mwaka wa mivutano ni jambo la kawaida kwa vikundi, wala si ushahidi kwamba mmekutana watu wabaya. Mwaka 1965 Bruce Tuckman, mwanasaikolojia wa Marekani, alipitia makala zipatazo 50 zilizokwisha kuandikwa kuhusu ukuaji wa vikundi vidogo, vingi vikiwa vya tiba ya kisaikolojia, akaeleza kwamba vikundi hivyo huanza kwa kupimana, huingia katika kuvutana, hukubaliana taratibu zao, kisha ndipo hufanya kazi iliyowakutanisha. Mwaka 1977, akiwa na Mary Ann Jensen, aliongeza hatua ya tano, yaani kuagana. Siku hizi hatua hizi hufundishwa katika semina za uongozi kana kwamba ni ngazi ambayo kila kikundi huipanda bila kurudi chini. Hapo mimi sikubaliani na wakufunzi, kwa sababu vikundi vya akiba hurudi nyuma mara kwa mara, na siku ya mgawo, ambayo kila mtu huisubiri kwa hamu, ni mojawapo ya mambo yanayovirudisha.

Sababu yake imo katika hesabu. Tuseme hisa moja kwenu ni shilingi 2,000 na kila mwanachama anaruhusiwa kununua kuanzia hisa moja hadi tano katika kila kikao. Mwanachama anayenunua hisa tano kila wiki na asikope huondoka mwisho wa mzunguko na akiba yake pamoja na fungu kubwa la faida, kwa kuwa faida hugawanywa kwa hisa. Mwenzake anayenunua hisa moja lakini akakopa mara tatu kwa ajili ya genge lake ndiye aliyelipa sehemu nzuri ya riba iliyozaa faida hiyo, na yeye huondoka na kidogo. Katika mzunguko wa kwanza hakuna anayeyaona haya, kwa sababu hakuna aliyewahi kugawana. Siku ya mgawo yote huwa wazi juu ya meza, na kuanzia hapo kikundi huwa na watu wa aina mbili, wanaotaka riba ipande na wanaotaka ishuke, hata kama ugomvi wanaouonyesha hadharani ni wa faini au wa maneno aliyotamkiwa mweka hazina. Fungua vitabu vya hisa, orodhesha wanaoweka zaidi na wanaokopa zaidi, kisha linganisha orodha hizo na zile kambi mbili unazozitaja. Sitashangaa zikifanana.

Zikifanana, mtakuwa na jambo la kuzungumza badala ya mtu wa kulaumu. Bei ya hisa, kiwango cha riba na ukomo wa mkopo, ambao katika vikundi vingi ni mara tatu ya akiba ya mkopaji, ni mambo yaliyoandikwa katika katiba yenu mlipokuwa hamjuani, pengine kwa kunakili katiba ya kikundi jirani au kwa kufuata maneno ya mwezeshaji aliyewafundisha. Sasa mnajuana. Katiba inastahili kusomwa upya kifungu kwa kifungu na watu walioonja mzunguko mmoja, na mabadiliko yaanze kutumika katika mzunguko ujao ili asiwepo anayeweza kusema kwamba sheria imegeuzwa kumlenga yeye. Kuhusu faini, msiijadili siku ambayo kuna mtu amesimama mlangoni kwa kuchelewa. Ijadilini siku tulivu, na mwenyekiti atakapochelewa awe wa kwanza kutoa fedha bila kuambiwa. Mwanachama akiona kiongozi ametozwa, ubishi wake hupungua sana.

Mwenyekiti wenu naye anapaswa kubadilika. Katika miezi ya mwanzo kikundi kinahitaji mtu wa kuelekeza: keti hapa, toa kitabu, hesabu tena. Wakati wa mivutano, kiongozi anayeendelea kuamua kila ugomvi kwa kauli yake hujikuta amehesabiwa katika mojawapo ya kambi, hata kama hakukusudia. Njia iliyo salama zaidi ni kuwarudisha wanachama kwenye katiba waliyoitia saini, na pale katiba inaponyamaza, kuwaachia wapige kura.

Na hao watatu wanaotishia kujitoa, wasikilizwe wakiwa bado ndani. Mtu anayelalamika kikaoni bado anakitaka kikundi. Mimi ningeogopa zaidi kama ungeniandikia kwamba vikao vyenu ni vya utulivu, kila hoja inapita kwa kauli moja, na maneno yote husemwa njiani wakati wa kurudi nyumbani.

SWALI: Nimekuwa mwenyekiti wa chama chetu kwa miaka sita. Kila uchaguzi ukifika wanachama hupiga makofi na kusema niendelee, kwa kuwa mimi ndiye mama yao. Nimechoka, lakini nikitaja kupumzika naambiwa chama kitakufa. Vijana waliojiunga hawajitolei kwa lolote, wanangoja gawio tu. Je, ni haki kuwaachia? – Mama Mwenyekiti, Mombasa

JIBU: Shikamoo, Mama. Ni haki, na nakuomba uanze kujiandaa kuondoka hata kama uondokaji wenyewe utachukua mwaka mzima. Naomba pia uniwie radhi kwa nitakayoyasema kuhusu hao vijana, kwa maana nina shaka kama uvivu wao ni wa kuzaliwa nao.

Mwaka 1911 msomi wa Kijerumani, Robert Michels, alichapisha uchunguzi wake kuhusu vyama vya siasa, hasa chama cha kisoshalisti cha Ujerumani, ambacho kilihubiri usawa kuliko vyama vingi vya wakati wake. Alikuta kwamba hata humo uongozi ulikuwa umeganda mikononi mwa wachache. Alizitaja sababu kadhaa, na mbili kati yake nahisi zimo chamani kwenu. Kwanza, kazi ya kuongoza humfundisha kiongozi mambo ambayo mwanachama hana nafasi ya kujifunza, na kila mwaka unaopita pengo hilo hupanuka. Pili, wanachama hushukuru. Yule aliyewatoa mbali huonekana kuwa na haki ya kiti, na kumpigia kura mtu mwingine huonekana utovu wa adabu. Makofi unayopigiwa ni ya shukrani, Mama, na ni vigumu sana kijana wa miaka 26 kunyoosha mkono dhidi ya mwanamke anayemwamkia shikamoo kila siku. Kwa hiyo msichague kwa makofi. Kuna vikundi vya akiba ambavyo huchagua kwa kokoto: kila mgombea ana mfuko wa rangi yake, mpiga kura huenda peke yake nyuma ya pazia na kutumbukiza kokoto katika mfuko anaoutaka, na wanaohesabu hufanya hivyo mbele ya wote. Njia hii haihitaji karatasi wala kujua kusoma, na inamsitiri kijana.

Swali la kuwa chama kitakufa ukiondoka linaweza kupimwa. Mwaka 1939 mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake wawili, Ronald Lippitt na Ralph White, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya huko Iowa, Marekani, juu ya vilabu vya wavulana wa miaka kumi hivi waliopewa viongozi wa mitindo tofauti. Pale kiongozi alipokuwa wa kuamrisha, kazi ilizorota mara tu alipotoka chumbani. Pale alipokuwa wa kushirikisha, wavulana waliendelea na kazi yao. Nawe toka chumbani. Mwachie makamu vikao viwili vinavyofuatana bila kumpigia simu, kisha uulize ni nini kilikwama. Orodha ya yaliyokwama ndiyo orodha ya mambo unayoyajua peke yako, na hayo ndiyo ya kufundisha kabla ya uchaguzi.

Nafikiri utakuta mengi yanahusu fedha na kumbukumbu. Mfumo huu wa vikundi vya akiba vyenye sanduku, ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na ambao ulifika Zanzibar karibu na mwaka 2000, uliundwa makusudi ili elimu isikae kichwani mwa mtu mmoja. Sanduku lina kufuli tatu, na washika funguo ni watu watatu ambao si viongozi, wala si mtunza sanduku. Kabla ya kikao kufungwa, fedha zinazobaki huhesabiwa kwa sauti, kiasi hutamkwa, na kila mwanachama huambiwa akikariri. Kikao kijacho, kabla ya kufuli la kwanza kuguswa, wanachama huulizwa: kuna shilingi ngapi humu ndani? Wakishajibu ndipo sanduku hufunguliwa na kuhesabiwa. Niliwahi kukaa katika kikao cha namna hiyo, bibi mmoja aliyeketi karibu nami, ambaye hakuwa na cheo chochote, akamkatiza mhesabu fedha kwa kusema kwamba zimepungua mia tano, na alikuwa sahihi. Sarafu zilikuwa zimebaki chini ya kitambaa. Kikundi chenye mtu kama yule hakimtegemei mwenyekiti sana.

Vyama vingi vikikua huacha utaratibu huu kwa kuuona ni wa kitoto. Fedha huhamia katika simu, hesabu huhamia katika daftari la katibu, na wanachama huletewa jumla iliyokwisha pigwa. Hurahisisha kazi, sikatai, lakini siku hiyo ndiyo mwanachama wa kawaida huanza kuwa mtazamaji. Kijana aliyejiunga baada ya hapo hajawahi kuulizwa swali lolote isipokuwa la mchango wake, kisha tunamshangaa kwamba anangoja gawio. Wape hao vijana kazi yenye jina na tarehe: mmoja asome salio la simu kikaoni mwezi huu, mwingine afuatilie marejesho ya wakopaji watano, na wote watoe taarifa wakiwa wamesimama. Ukishatoka, usikubali cheo cha mlezi kwa angalau mzunguko mmoja. Mlezi aliyekuwa mwenyekiti huendelea kutazamwa usoni kabla ya kila uamuzi, na mrithi wake hukaa kitini bila kuongoza.

SWALI: Sisi ni kikundi cha watu 28. Jirani zetu sita wameona tunavyofaidika na wanataka kuingia sasa, katikati ya mzunguko. Tuwapokee? – Mwanachama, Mwanza

JIBU: Hapana, Ndugu, wangoje mgawo. Anayeingia katikati hakuchangia katika faida iliyokwisha patikana, na hesabu ya kumtenga nayo huleta manung'uniko hata ikipigwa kwa uaminifu. Hata baada ya mgawo, watu 34 ni wengi mno kwa sanduku moja. Mhandisi wa Kifaransa, Max Ringelmann, alipima nguvu za watu wakivuta kamba, na katika taarifa yake ya mwaka 1913 alionyesha kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka, ndivyo nguvu ya kila mmoja inavyopungua. Nadhani ni kwa sababu kama hiyo VICOBA vingi, yaani benki za jamii vijijini, huishia kwenye wanachama 30, na hao hugawanywa katika vikundi vidogo vya watu watano watano wanaodhaminiana.

Mkifika mgawo, ni bora wanachama wenu wachache wenye uzoefu wakubali kutoka, wakaanzishe kikundi cha pili pamoja na hao sita na wengine watakaojitokeza. Watarajie kwamba mwaka wao wa kwanza utakuwa wa kupimana upya, hata kwa hao wazoefu. Watahitaji sanduku lao, katiba yao na usajili wao wenyewe, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018 inaviweka vikundi vya aina hii katika daraja la nne la watoa huduma, na cheti chenu hakiwezi kuwafunika wao. Maombi huanzia katika halmashauri, na afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu ndiye wa kumwona kwanza.