Wazo la filamu hulipati ufukweni

Kijana mmoja wa Wete kaniandikia: "Assalaam aleikum kaka. Kamera nnayo, kompyuta nnayo, lakini nikikaa kuandika sipati kitu. Wewe mawazo unayatoa wapi?" Namjibu yeye na nyinyi nyote, maana najua hakuna anayesoma hapa asiyetamani filamu yake ioneshwe Ngome Kongwe kwenye ZIFF, tamasha letu la filamu la Zanzibar, watu wa kwao wamejaa vitini.

Kwanza, achaneni na jua linalozama Nungwi. Achaneni na ngalawa. Kila mgeni anayeshuka uwanja wa ndege kashazipiga picha hizo, tena kwa droni nzuri kuliko yako.

Filamu yangu ya kwanza kukubaliwa niliitoa uani kwa shangazi yangu, Pemba, msimu wa karafuu. Nilikwenda kumsalimia tu. Wanawake wamekaa wanachambua: kishada kiganjani, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, na midomo haipumziki. Za jana na juzi zimeanikwa juani, zimeanza kugeuka kahawia. Mara shangazi akanyamaza, akanusa upepo. "Majamvi!"

Watu wakamiminika. Hata jirani yake, ambaye hawasemezani tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, akaja mbio akashika pembe moja ya jamvi, shangazi akashika ya pili, wakakunja bila kutazamana. Karafuu ikinyeshewa kabla ya kukauka huharibika rangi, na bei inashuka. Mvua ilipokatika jirani akarudi kwake. Kwaheri hakuna.

Sikuongeza kitu, wallahi.

Niliipeleka skripti ile kwenye semina moja mjini. Mwalimu akauliza, "Mapenzi yako wapi? Bahari iko wapi?" Mwenzangu mmoja akaiga Kipemba changu, darasa zima likacheka. Sitomtaja mtu. Lakini usiku ilipooneshwa, mama mmoja nyuma yangu alipoanza kuipigia kelele skrini, "Kunja huku, we! Kunja huku!", niligeuka kuwatafuta wale waliocheka. Hawakuwepo, na mpaka leo inaniuma kwamba hawakuwepo.

Kwa hiyo nakwambieni: nendeni kwa watu wakiwa kazini, mjue wanachoogopa kukipoteza. Nendeni Paje kwa wakulima wa mwani. Kotoni, ule mwani wenye bei, unawafia kwa joto la maji ya kina kifupi, na kuufuata kwenye kina kirefu si rahisi, kwa sababu wengi wao hawajui kuogelea. Mwanamke kazi yake ni baharini na kuogelea hajui! Unataka wazo gani jengine?

Au kaeni Jaws Corner, baraza la Mji Mkongwe ambalo jina lake lenyewe limetoka kwenye filamu, mnywe kahawa msikilize wazee wakibishana siasa na mpira. Simu iwe mfukoni. Tatizo la vijana wetu mnapenda kuitwa madairekta kabla hamjajua kusikiliza. Sikilizeni. Nasema tena, sikilizeni.

Wewe wa Wete, uko katikati ya mikarafuu unaniuliza mimi wa mjini! Msimu ukifika, nenda kasaidie kukunja majamvi, kamera iache nyumbani. Siku ukirudi nayo, ruhusa kaombe kwa bibi mwenye uwa wake, si kwa mjukuu wake anayetaka kuonekana kwenye filamu.