Jibu: Oslo ilikwama wapi?

Mkuu, umeuliza kama mazungumzo bado yanaweza kuleta amani kati ya Israel na Palestina ilhali Oslo, yaani makubaliano ya amani ya 1993 kati yao, ilishafeli. Yanaweza, ila si kwa mpangilio ule.

Barua za kutambuana za 9 Septemba 1993 zenyewe hazikuwa na uzani sawa: PLO (chama cha ukombozi wa Palestina) ilitambua haki ya Israel kuwepo, Israel ikaitambua PLO kama mwakilishi wa Wapalestina tu, bila kutaja dola yao. Kisha mambo mazito (Jerusalem, wakimbizi, makazi ya walowezi, mipaka) yakasogezwa mbele, na kipindi cha mpito kikawa miaka 5. Hapo ndipo palipoharibika. Wapinzani wa pande zote walipata muda: waumini wakauawa msikitini Hebron Februari 1994, Hamas ikalipua mabasi, Rabin, waziri mkuu wa Israel, akauawa Novemba 1995, na walowezi wakazidi kuongezeka Ukingo wa Magharibi. Mwamuzi mwenye meno wa kusema nani kakiuka hakuwepo.

Kwa hiyo waanze na mipaka, ujenzi wa makazi usimame siku hiyohiyo. Kwenye mazungumzo ya Taba, Misri, Januari 2001, pande mbili zilijadili ramani na kubadilishana ardhi, zikakaribiana kweli. Uchaguzi wa Israel wa Februari ukazikatiza. Kalenda ya uchaguzi nayo iangaliwe kabla ya kukaa mezani.